Vita Tulivyochora Kwenye Kibanda cha Mama

Mwaka ule wa uchaguzi, mimi na rafiki yangu wa Kawangware tulikuwa tunatengeneza kitabu cha katuni. Mimi nilichora, yeye akaandika maneno. Tulikaa kwenye kibanda cha mama pale Soko la Toi, katikati ya marobota ya mitumba, na mama akatulisha githeri wote wawili kama watoto wake.

Hadithi yetu ilikuwa ya miaka mingi ijayo. Serikali zimeacha kupigana, vita vinaendeshwa na kampuni, na watu wanavitazama kwenye runinga, matangazo ya sabuni yakiingia katikati. Jemadari wetu alisimamisha mapigano ili kamera zipate pembe nzuri. Hapo ndipo tulipocheka zaidi.

Matokeo yalipotangazwa, fujo zikaanza na soko likachomwa. Asubuhi nilienda na mama kuona kilichobaki. Hakikubaki kitu. Mama alishika kichwa, akalia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia.

Wakatokea waandishi wa kigeni na kamera yao. Aliyewaonyesha njia alikuwa rafiki yangu. Nilipomwona nilipata nguvu. Nilidhani amekuja kutupa pole.

"Niaje," nikamwambia. "Umeona venye tumefanywa?"

"Ngoja kidogo, buda."

Hakuniangalia. Alisema na mwenye kamera kwa Kiingereza, kisha akamgeukia mama, ambaye sasa alikuwa amenyamaza, anajifuta uso kwa leso.

"Mama, hawakuwa wamewasha kamera. Hebu rudi pale kwa majivu, ulie tu kidogo. Kama ile ya kwanza."

Mama alimkodolea macho. Halafu, kwa kuwa alizoea kumsikiliza, akarudi, akasimama. Machozi hayakuja. Nikamshika mkono tukaondoka. Nyuma yetu rafiki yangu alikuwa anaomba msamaha. Alimwomba yule wa kamera.

Mambo yalipotulia alinitafuta kwa shangazi yangu, huko Kawangware, tulikokuwa tumehamia.

"Ilikuwa kazi tu," akasema. "Tumalize kitabu. Sasa tumejionea wenyewe."

"Mamangu ulimwona?"

Mama akatoka ndani, akamkaribisha chai, naye akaingia, akanywa. Mimi nilibaki nje, karibu na bomba la maji, mpaka akaenda zake.

Kitabu hakikuisha. Huwa tunakutana Ngong Road mara mojamoja. Yeye huniita, mimi huvuka barabara na kumwacha ng'ambo.