Kaka Aliacha Mama Asahau

Admin, funika jina langu, maana watu wa nyumbani wanasoma hapa. Nina miaka arobaini na mbili, ni mjane, fundi wa kushona nguo hapa Mususa, Butembo. Roho inaniuma hadi kazi inanishinda.

Baba alipofariki, mama alinipa nusu ya shamba letu la Kalunguta. Tulipanda naye miti ya mpaka, baba mdogo akishuhudia. Kaka alinuna: eti msichana anapewaje shamba? Kisha vita vikatufikia. Baba mdogo akauawa, sisi tukakimbia, na mama akaenda kuishi kwa kaka huko Bungulu, Beni. Shahidi wangu akabaki mama peke yake.

Mama akaanza kusahau. Mara chumvi kwenye chai, mara anamwita marehemu baba aje kula. Barabara ilikuwa ya hatari, nikawa napiga simu tu. Kaka alinijibu kila mara, "Dada, docteur alisema ni buzee. Hapana dawa." Nilimwamini. Nilimwombea hata baraka kwa kumtunza mama!

Wiki hii barabara imetulia kidogo, nikaja Bungulu, nikampeleka mama hospitali mwenyewe. Daktari alishangaa.

"Kaka yako hakukuambia? Ni tension. Damu inapanda tangu siku mingi, inaharibisha mishipa ya mu bongo. Nilimuandikia dawa mwaka yenye ilipita. Haiwezi kurudisha yenye ilishapotea, lakini ingechunga yenye ilibakia."

Nikamuuliza kaka mbele ya mke wake. Hakuona hata haya.

"Mie sikumufanya mama mubaya. Niliacha tu buzee ifanye kazi yake. Akikumbuka, shamba inakuwa yako."

Jamani, kikulacho ki nguoni mwako! Shamba naweza kulisamehe, kwanza hata kulifikia hatuwezi. Lakini akili ya mama?

Nataka kurudi naye Butembo kesho, nimpe dawa kwa mkono wangu. Lakini leo nilipomshika, aliuchomoa mkono wake, akajificha nyuma ya kaka akilia, "Mutoto wangu, uyu mama mugeni anataka kunipeleka wapi?" Jina la kaka bado analikumbuka. Langu limepotea.

Nimtoe kwa nguvu kwa mtu pekee anayemwamini, au nimwache kwa huyohuyo aliyemwacha apotee? Ndugu zangu, nishaurini, gari linaondoka asubuhi.