Foleni ya Vidonge vya Presha

Watu wa Johannesburg huicheka baridi ya Durban. Magoti yangu hayaicheki. Nilisimama saluni miaka mingi nikisuka wanawake nywele, na sasa nimestaafu, kila Juni magoti huamka yamekaza. Mimi hujikokota hadi kibaraza cha flati yangu hapa Glenwood, nikaota jua na chai mkononi kama mjusi.

Asubuhi ile chai niliiacha nusu. Ilikuwa siku ya kuchukua vidonge vya presha. Nilivaa sweta la marehemu mume wangu, nikatembea hadi kliniki.

Foleni ilikuwa imesimama. Getini kulikuwa na vijana waliovaa fulana za rangi moja, si wa kliniki wala polisi, wakidai vitambulisho. Mwenye cha Afrika Kusini aliingia. Mgeni alirudishwa, awe na vibali au asiwe navyo. Vibali vyangu vilikuwa mkobani, lakini niliona mama mmoja akionyesha vyake, mtoto akikohoa mgongoni, na bado wakamsukuma barabarani.

Mbele yangu alikuwa bibi mmoja Mzulu. Kila mwezi tulikutana pale tukasimuliana maumivu yetu. Aliniinamia, akaninong'oneza kwa Kizulu, "Usifungue mdomo."

Alijua. Kizulu nakisema, lakini nikitamka neno moja tu, Bukavu, kwetu Kongo, inasikika.

Kijana mmoja alitufikia. "Gogo," akamwita bibi kwa Kizulu, "ID."

Bibi akatoa yake. Kijana akanigeukia. Papo hapo simu ikalia mkobani. Nilijua ni binti yangu mwenye duka Isipingo, kusini mwa mji. Hunipigia kila asubuhi, na tunaongea Kiswahili cha kwetu. Niliiacha ilie. Jasho lilinitoka chini ya sweta, na ile baridi yote.

"Kwa nini hashiki simu?"

"Meno yanamuuma," bibi akasema. "Hawezi kuongea. Mwanangu, na bibi yako ungemsimamisha hivi?"

Kijana alinitazama mdomoni. Sijawahi kutazamwa vile. Kisha kelele zikazuka getini, akakimbilia huko.

Bibi alinishika mkono nibaki, lakini miguu ilishaamua. Niliondoka nikitembea taratibu, maana anayekimbia anajitaja. Robot, yaani taa za barabarani, ilikuwa nyekundu, nikavuka hivyo hivyo. Gari likapiga honi, nikadhani ni wao. Nyumbani nilifunga mlango, nikaegemeza kiti, nikakaa sakafuni bafuni. Simu ikalia tena.

"Mama, nilipiga, haukushika! Uko wapi?"

"Niko nyumba."

"Dawa ulipata?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nikalia.

Akaja mchana uleule, duka amelifunga, akiwa na vidonge vya famasi. Tangu siku hiyo yeye ndiye huniletea. Kliniki sijarudi. Yule bibi sijui anakaa wapi, wala sijui kama walimuuliza zaidi nilipomwacha peke yake. Hilo hunisumbua kuliko magoti.

Juzi binti yangu alisema, "Mama, kuya tukae pamoja Isipingo."

"Huko hawafiki?" nikamuuliza.

Aliendelea kunikunjia nguo. Nami nikainuka kuangalia kama mlango umefungwa.