Paja la Kondoo la Gunleik

Gunleik wa Bakken alijifunza fidla kwenye maporomoko nyuma ya kinu, kama wapigaji wote wa bonde letu. Mwalimu ni jini anayekaa chini ya maji, naye hulipwa kwa nyama. Ukimpelekea mfupa mkavu, atakufundisha kukaza nyuzi tu, basi, uzeeke unakaza. Gunleik alimpelekea paja zima la kondoo lililokaushwa kwa moshi. Jini akamshika vidole, akavisugua juu ya nyuzi mpaka damu ikachuruzika, na tangu hapo Gunleik akipiga, ng'ombe waliacha kucheua. Nimeona kwa macho yangu benchi likisogea katikati ya chumba likitaka kucheza. Anayebisha hakuwepo.

Alipiga kwenye harusi zote, akimtangulia bibi harusi mpaka lango la kanisa. Ila kulikuwa na wimbo mmoja wa kale uliomteka. Akiuanza hawezi kuuacha. Macho yanamgeuka, jasho linamtiririka, na lazima mtu amtoe fidla mikononi. Wanaume wazima waliogopa. Aliyethubutu ni Ingerid, binti wa jirani yetu.

"Lete hapa," alimwambia, "umechosha watu."

Wakaoana.

Kisha akaja mhubiri kutoka pwani, akasema fidla ni ala ya shetani. Bonde zima likalia, likatubu. Halvor, mzee wa kanisa, akawasha moto uwanjani, watu wakaleta fidla zao. Gunleik naye akaapa mbele yetu sote kwamba hatapiga tena, akaliweka sanduku la fidla yake motoni, uso wake kama wa maiti.

Sanduku likashika moto. Pakanukia kondoo wa kuchoma.

Nani angesema neno? Tuliimba zaburi huku mate yametujaa kinywani. Mhubiri mwenyewe alimeza, akameza tena. Gunleik akamgeukia mkewe. Ingerid alikuwa anatazama mawingu.

Gunleik hakumuuliza fidla iko wapi. Kiapo ni kiapo. Miaka ikapita, harusi zetu zikawa kama matanga, na Gunleik akalima viazi, mabega yakamshuka mwaka hadi mwaka.

Ingerid akaja kushikwa na ugonjwa wa mapafu. Nilikuwa nimeketi pale kitandani na kikombe cha maziwa asichoweza kukinywa.

"Gunleik," akaita, "fungua kasha la mikate. Chini kabisa."

"Unataka mkate?"

"Nautaka ule wimbo."

Akachakura chini ya mikate, akaitoa fidla. "Niliapa, mke wangu. Mbele ya Mungu."

"Uliapa ukidhani fidla inaungua. Lililoungua ni paja letu la kondoo la Krismasi. Unadhani Mungu hana pua?"

"Na nikishindwa kuacha?"

"Si nipo?"

Akapiga. Vidole vilikuwa vigumu kama vijiti, lakini wimbo ulimkumbuka, ukamteka palepale. Nilidhani paa litaondoka. Ingerid aliusikiliza wote, kisha akanyoosha mkono uliobaki mifupa.

"Lete hapa. Umechosha watu."

Akailaza fidla kifuani. Alfajiri hatukuwa naye tena.

Siku ya mazishi Gunleik alilitangulia jeneza akipiga, kama anavyotanguliwa bibi harusi. Hakuna aliyemzuia. Ila langoni mwa kanisa ule wimbo ukamteka. Tukasimama kwenye theluji, wabebaji na mzigo wao mabegani, upinde unakwenda tu, na aliyezoea kumwondolea fidla amelala ndani ya sanduku. Tukatazamana. Mimi, mwenye mdomo wote huu, nikajificha nyuma ya wabebaji.

Akatoka Halvor, yuleyule aliyewasha moto. Akavua glavu zake.

"Lete hapa, ndugu yangu," akasema taratibu. "Tumefika."

Akaipokea kwa mikono miwili, kama anayepokea mtoto wa ubatizo, akaondoka nayo. Tukasema basi, safari hii itaungua kweli.

Jioni akabisha hodi Bakken. Fidla ilikuwa imefutwa theluji, imefungwa kwenye shali ya mke wa Halvor. Kwenye kwapa la pili alibeba paja la kondoo.

"Lile la motoni," akamwambia Gunleik, "lilinukia vizuri sana."