Kura Niliyowapigia Watanzania

Fainali ya mashindano ya waimbaji wa Afrika Mashariki niliitazama hotelini kwa jirani, huku kwetu Suna, Kenya, Jumapili moja alasiri. Mume wangu alikuwa ameshafariki, watoto wako Nairobi, na kukaa ndani peke yangu kulikuwa kumenichosha.

Sheria ilikuwa kwamba huwezi kuipigia nchi yako kura. Mimi nilipigia Tanzania, ingawa yule kijana wa Rwanda aliimba vizuri zaidi. Mdogo wangu ameolewa Shirati, ng'ambo ya mpaka, na tangu tulipogombana kwenye mazishi ya mama hatukuwa tumesemezana. Nilijiambia akisikia Wakenya wamewapa kura, atanikumbuka.

Kura za Kenya zilipotangazwa, kweli, Tanzania walikuwa wa kwanza. Zikaja za Tanzania. Sisi tukawa wa mwisho.

"Hao bado wana hasira ya mahindi yao kuzuiwa mpakani," mwenye hoteli akasema. Watu wakacheka. Mimi niliumia kana kwamba mdogo wangu ndiye aliyesimama pale kutangaza.

Nikatoka nje nikampigia simu.

"Nani?" akauliza.

"Ni mimi."

"Wewe nani?"

Alikuwa ameifuta namba yangu. "Nyamera, dada yako," nikamwambia. Nikamuuliza mbona wametunyima kura.

"Kura gani? Mimi sina televisheni, dada. Tuliiuza nilipolazwa."

"Ulilazwa lini?"

"Mwaka jana. Nilipasuliwa tumbo."

Mwaka mzima. Kutoka kwangu hadi kwake ni safari ya asubuhi moja tu.

"Nije?"

"Njoo. Lakini si wiki hii."

Nilienda baada ya palizi. Alikuwa amekonda. Alinitolea kiti kizuri, akamtuma binti yake soda, akaniuliza habari za Kenya, jinsi mtu anavyomuuliza mgeni. Kuhusu mama hatukusema neno. Nilipotaka kuingia jikoni kumsaidia, akanizuia mlangoni kwa upole: "Kaa tu, dada. Umetoka mbali."

Nikarudi kukaa. Kupitia ukuta nilimsikia akisonga ugali, akipumzika, akisonga tena.