Kastabini Juu ya Mabano

Tangu mumewe alipofariki, Mola amrehemu, fundi yule wa cherehani alikuwa akila kwa sababu chakula kimewekwa mezani, na akilala kwa sababu taa imezimwa. Msibani hakulia. Wanawake waliokuja kumliwaza walimtazama usoni wakitafuta pa kuanzia, wasipaone. Wakaishia kulia wao, naye akawapitishia leso. Wapo waliosema amejikaza. Lakini mtu hujikaza dhidi ya kitu kinachomsukuma, na yeye hapakuwa na kilichomsukuma. Alikuwa kama mkono uliolaliwa: upo, una vidole vyake vyote, ila ukiuchoma sindano haukuletei habari.

Chumba chake kilikuwa kimoja, kimekatwa kati kwa pazia. Upande wa ndani kitanda na sanduku. Upande wa barabarani cherehani ya miguu, meza ya kukatia, pasi ya mkaa, na makoti ya wateja yakining'inia kwenye waya uliopigwa ukuta hadi ukuta. Makoti ndiyo yaliyompa jina mtaani. Koti likichakaa kwa ndani, bitana ikachanika kwapani au mfuko ukatoboka, lilipelekwa kwake, nalo lilirudi likiwa limesahau umri wake.

Kila Jumamosi asubuhi alikwenda kwenye darasa la watu wazima kusoma hisabati. Aliyemwandikisha ni marehemu, naye alikuwa fundi wa redio, mtu wa maneno mengi na subira kubwa kwa vitu vidogo. Alitaka mkewe akipate cheti alichokiacha njiani alipoolewa, kwa kuwa chuo cha ufundi kilicho jirani kilihitaji mwalimu wa ushonaji mwenye ujuzi mkononi na cheti cha hisabati mfukoni. Ujuzi alikuwa nao. Mume alipoondoka duniani, mke aliendelea kwenda darasani kama maji yanavyoendelea kuufuata mfereji ambao mchimbaji wake keshatoka shambani.

Kaka yake mkubwa alikuja kumwona, akaketi kwenye kigoda cha wateja, akatazama sufuria iliyofunikwa ambayo haikuwa imeguswa.

"Mdogo wangu," alisema, "kwangu kuna chumba. Wifi yako amekipaka rangi."

"Nina darasa, kaka."

"Darasa. Mtu anayesahau kama amekula, ndiye anayesoma kalkulasi?"

"Ndiye."

"Inakufurahisha?"

"Hapana."

"Sasa unasomea nini?"

Alifikiri kwa haki, kama aliyeulizwa kipimo cha kiuno. "Nikiwa kule najua nikae wapi."

Kaka alishusha pumzi. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ulikuwa mzito kama blanketi la sufu wakati wa joto. Fundi alijua maisha ya nyumba ile yangekuwaje: kila asubuhi angeulizwa ameamkaje, kila jioni angetazamwa sahani yake, watoto wangeambiwa wasipige kelele kwa sababu shangazi hajisikii vizuri. Angekuwa mgonjwa wa kila mtu. Hapa, katika chumba hiki, hapakuwa na aliyemdai hisia yoyote. Hilo ndilo alilotaka, na ndilo jambo pekee alilojua kwamba analitaka.

"Kuna mtihani wa majaribio," alisema. "Mwalimu anasahihisha siku ileile. Anayepita anapelekwa kwenye mtihani wa cheti."

"Haya. Ukipita, sikugusi. Ukianguka, siku hiyohiyo nakuja na gari, tunapakia cherehani, twende. Mgonjwa haulizwi uji."

"Sawa."

"Hatutabishana?"

"Hatutabishana, kaka."

Sasa mtihani ule ulihusu zaidi kanuni ambayo fundi alikuwa haiwezi, nayo huitwa kanuni ya mnyororo. Msomaji asitishike. Fungsheni ni kitu unachokipa namba nacho kikakurudishia namba nyingine. Na wakati mwingine fungsheni moja hukaa ndani ya nyingine, ikawa na zahiri yake na batini yake. Chukua x, uizidishe kwa yenyewe, ujumlishe moja. Hiyo ni ya ndani. Kisha izungushie mabano, uipandishe yote kwa kipeo cha tano. Hiyo ni ya nje. Swali huuliza: x ikisogea kidogo, jibu linasogea kwa kasi gani? Kanuni hujibu: tafuta kwanza kasi ya cha nje, na cha ndani ukiache kama kilivyo, kisha zidisha kwa kasi ya cha ndani.

Fundi aliweza kuisema kanuni bila kukwama. Kuitenda ndiko kulikomshinda. Kila alipopewa swali, mkono wake ulianzia ndani. Aliyafungua mabano, akaibadilisha x ya mraba ikawa mbili x, akayafunga, ndipo akashughulikia kipeo cha nje. Jibu lake lilitoka tano mara mabano ya mbili x kwa kipeo cha nne: safi, limenyooka, na si sahihi.

"Shangazi amefumua bitana tena," alisema fundi umeme aliyekaa nyuma yake, ambaye hakuwahi kufika darasani bila kichekesho. Darasa lilicheka. Yeye aligeuka akamwambia taratibu, "Bitana ndiyo huanza, mwanangu. Ukiliacha tobo ndani ukashona nje, utafumua mara mbili," na darasa likacheka zaidi, kwa sababu alisema kweli.

Na hapo ndipo penye kosa lenyewe. Aliyeshona makoti umri wake wote hawezi kuliacha la ndani kama lilivyo. Dhamiri ya kazi haimruhusu. Mazoea yana taabu, na taabu kubwa kuliko zote ni pale mazoea yenyewe ni mema.

Mwalimu alikuwa msichana mwenye sauti ya chini, ambaye umri wake ungemtosha kuwa bintiye. Alimwita ubaoni. "Mama, tusibishane kwa maneno. Weka moja mahali pa x. Fungsheni inatupa ngapi?"

"Thelathini na mbili."

"Sasa sogeza x kidogo, moja na sehemu moja ya mia." Walipiga hesabu pamoja, ikatoka thelathini na tatu na zaidi ya nusu. "Imepanda kwa moja na zaidi ya nusu, kwa hatua ya sehemu moja ya mia tu. Kwa hatua nzima je?"

"Zaidi ya mia na hamsini."

"Jibu lako linasema?"

"Themanini."

"Na la kanuni?"

Akahesabu. "Mia na sitini."

"Umeona. Cha ndani kiache kwanza, mama. Zamu yake itafika."

Fundi aliirudia kauli ile njiani, akaipindua huku na huku kama kipande cha kitambaa, aone kama ina jambo la kumfariji. Hakuliona. Ilikuwa kanuni ya hisabati, naye aliichukua hivyo.

Alipofika nyumbani alikata karatasi ya mitindo, akaandika swali kwa penseli, akauona mkono ukiinuka kuelekea ndani ya mabano. Akaivua kastabini, ile kofia ndogo ya chuma inayokilinda kidole na sindano, akaisimamisha juu ya mabano ikayafunika. Sasa hapakuwa na ndani. Palikuwa na kitu kilichofunikwa, na kipeo chake. Akakishusha kipeo: tano, mara kitu, kipeo cha nne. Akainua kastabini, akakinakili kitu mahali pake bila kukigusa. Kisha pembeni, peke yake, akaitafuta kasi yake, mbili x, akaizidisha. Akaandika swali jingine. Makoti kwenye waya yalingoja zaidi siku hizo kuliko desturi, na mteja mmoja alikuja akanung'unika akaondoka.

Asubuhi ya mtihani aliketi, akavaa kastabini kama anayeanza kazi. Mwalimu alipita kati ya madawati akasimama.

"Hiyo ni nini, mama?"

"Kastabini, Mwalimu."

"Ya nini kwenye mtihani?"

"Ya kuuzuia mkono."

Mwalimu aliiokota, akachungulia ndani yake, akairudisha mezani. "Endelea."

"Mimi nimesahau nyundo yangu," alisema fundi umeme, na Mwalimu akamwambia afunge mdomo afungue karatasi.

Maswali yalikwenda moja baada ya jingine. La mwisho lilikuwa na tabaka tatu: mzizi wa mraba, ndani yake mabano yenye kipeo, ndani yake tena x na jirani zake. Kastabini ilikuwa ndogo kuliko kitu cha kufunikwa. Akaweka kiganja chake kizima. Akaushughulikia mzizi, akasogeza kiganja akakishughulikia kipeo, akaondoa mkono. Alipofika kwenye kiini kabisa aliona kimebaki kidogo mno, tatu x kujumlisha moja tu, na kasi yake ni tatu, jambo la mtoto. Akaiandika, akazidisha vyote vitatu. Hakuhisi ushindi. Alihisi kiganja kimelowa jasho, akakifuta kwenye sketi.

Walingoja uani. Mwalimu alipotoka aliwaita mmoja mmoja. Kwake alisema, "Umepita, mama. Moja ulifumua bitana, lile la pili. Mengine yote sawa. Jina lako napeleka."

"Ahsante, Mwalimu."

"Hongera sana."

"Ahsante."

Alipofika mtaani aliliona gari la mizigo limesimama mbele ya mlango wake, dereva amelala juu ya usukani. Ndani, kaka yake, aliyekuwa na ufunguo wa akiba, amekwisha kuifunga cherehani kwa shuka na kamba. Makoti ameyakunja vizuri kwenye meza. Hakuwa amengoja matokeo. Alipomwona aliacha kamba ikining'inia mkononi, akausoma uso wa nduguye, akaona umetulia vilevile.

"Pole, mdogo wangu," alisema. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

"Nimepita, kaka."

"Umepita? Mbona uso ndio huo?"

"Ndio huu nilio nao."

Kaka alikaa juu ya meza, kando ya makoti. "Nieleze basi hiyo kanuni yako, nijue hunidanganyi."

Alichukua chaki ya kukatia, akachora mezani, akaeleza cha nje na cha ndani, kipi kiachwe na kipi kizidishwe, kwa sauti ileile anayowaelezea wateja urefu wa mkono. Kaka alitikisa kichwa muda wote.

"Umeelewa?"

"Nilishuka kwenye mabano ya kwanza. Lakini nimekuona umefika." Akainuka, akaanza kulifungua fundo alilolifunga mwenyewe. Lilimsumbua, ikabidi dada yake amsaidie kwa meno.

Dereva alichungulia mlangoni. "Mzigo uko wapi, bosi?"

"Hakuna mzigo."

"Hakuna? Na asubuhi yote hii?"

"Washa gari."

Makoti yaliporudi kwenye waya, kaka alisimama kizingitini akiikunja shuka polepole kuliko ilivyohitaji.

"Mama ataniuliza. Nimwambie nini?"

"Mwambie nimebaki."

"Akiniuliza kama umelia?"

Fundi alimfikiria mama yao, akalifikiria swali.

"Mwambie bado."

Gari liliondoka tupu, mbao zake zikigongana hadi kwenye kona. Vumbi likaanza kuingia ndani, naye akaufunga mlango.