Bibi Alivyokunywa Farasi

Haya ninayoyasema leo nimewahi kuwahadithia kwa hiari yangu watu wawili tu, na wote walicheka mpaka nikajuta kufungua mdomo, basi na nyinyi chekeni, nimeshazoea. Nilimnywesha bibi yangu farasi.

Kazi yangu ni kutembeza wageni wanaoshuka melini pale Bandari ya Sultan Qaboos, na walipoanza kuja Wajapani wengi nikajiandikisha darasa la Kijapani la mtandaoni (kimbelembele changu, hakuna aliyenituma). Wana herufi ziitwazo kanji, kila moja ni neno zima, na mwalimu wiki ile akatupa farasi. Ana mistari kumi huyo farasi, kila mstari una zamu yake, ukiruka zamu mwalimu anajua, sijui anajuaje, na chini kuna nukta nne ndiyo miguu. Akatwambia tumwandike kwa brashi mpaka mkono umzoee.

Jumatano wino ukanimalizikia. Duka haliko mbali, lakini jua la mtaani kwetu Mawaleh la saa tisa mnalijua, nikaona nisijitese, nikaingia jikoni nikakuta zafarani, nikakuta marashi ya waridi, nikavuruga kidogo kwenye kikombe cha kahawa, nikachukua sahani nyeupe nikaandika. Farasi akatoka mzuri, wallahi, mzuri kuliko wote niliowahi kuandika, nikamwacha mezani akauke nije nimpige picha, nikaenda zangu kuswali Alasiri.

Sasa nani asiyejua kuwa sahani nyeupe yenye maandishi ya zafarani, ndani ya nyumba ya Wazanzibari, ni kombe? Maalim huandika aya, zikaoshwa kwa maji, mgonjwa akanywa. Na Mama alikuwa ameshamwomba maalim wa mtaani amwandikie Bibi kombe la goti. Niliporudi jikoni nikamkuta Bibi hana miwani, sahani tupu mkononi, anajifuta mdomo kwa ncha ya mtandio.

"Maalim kaleta saa ngapi?" akaniuliza. "Nshalinywa, bismillahi. Tamu."

Ilikuwa nafasi yangu ya kusema, neno moja tu. Lakini nikawaza, zafarani na marashi vimemdhuru nani, na mtu mzima utamwambiaje kuwa kanywa zoezi lako la darasani? Nikasema, "Utapona, Bibi, inshallah," nikaosha sahani.

Alhamisi akapanda ngazi mpaka juu. Alikuwa hajapanda tangu goti limharibikie. "Rahma, njoo unione," ananiita, Mama anatokwa na machozi ya furaha, mimi natafuta funguo za gari nikimbilie kazini. Ijumaa asubuhi akatangaza kuwa Jumapili haendi hospitali. Ile operesheni tulimbembeleza mwaka mzima, kila siku ana udhuru mpya, na daktari alishatuonya kuwa tukichelewa zaidi hatatembea tena, na ndiyo kwanza alikuwa amekubali.

"Nnakwenda kukatwa goti la nini," akasema, "na mimi nnapanda ngazi?"

Nikajiambia nitamweleza baada ya chakula. Baada ya chakula wakaja wageni, Bi Salma jirani yetu na wenzake watano, wamesikia habari za kombe, na kila mmoja ana sahani nyeupe mkobani (yuko wa mgongo, yuko wa presha, yuko anayemtakia bintiye mume). Mimi nimeshika dele nawamiminia kahawa, Bibi akachukua simu akampigia Maalim na kuweka sauti wote wasikie.

"Maalim, mkono wako una baraka. Lile kombe la Jumatano limenisimamisha."

"Kombe gani, Bi Zuwena?" Maalim akasema. "Mimi niko Nizwa kwa binti yangu tangu Jumanne. Sijaandika kitu bado."

Bibi akaitazama simu, akamtazama Mama, Mama akanitazama mimi.

"Niliandika mimi," nikasema. "Ni Kijapani. Ni farasi."

"Farasi?" akauliza Maalim (nilishamsahau, masikini).

"Wa mbio au wa mkokoteni?" akauliza Bi Salma, na hapo sebule ikavunjika kwa kicheko, mmoja kahawa ikampanda puani, mimi nami nikacheka kama mjinga, mpaka nilipoona Bibi hacheki.

"Kunywa nilikunywa mwenyewe, sikulaumu," akasema taratibu. "Lakini zile ngazi nilipanda goti linaniuma, Rahma. Nilijikaza kwa kuwa nimeamini. Na wewe ukaniona, ukanyamaza."

Nikaweka dele chini, nikakaa miguuni pake, nikalia mbele ya wanawake sita na maalim hewani. Aibu ya kuchekwa nimeisahau zamani, lakini hayo maneno yake bado yananiuma.

Jumapili alikwenda, lakini njia nzima hakunisemesha. Daktari akamuuliza, kuna dawa yoyote nyingine aliyotumia wiki hii? Bibi akanielekezea kidole. "Muulize huyu." Ikanibidi nieleze kwa Kiarabu, mwanzo mpaka mwisho, sahani, zafarani, nukta nne za miguu, daktari anaandika na muuguzi ameupa ukuta uso, mabega yanamtikisika. Nilipomaliza Bibi akanishika mkono, akauweka juu ya lile goti.

Siku hizi naandika kwa penseli, daftarini, na kosa langu nalisema palepale, kabla hajalinywa mtu.