Mama Mkubwa Alisikia Karamu

Mama mkubwa wangu anaishi Busisi, ng'ambo ya maji, na kwake herufi l na r ni mapacha wanaoazimana nguo. Ukoo wetu mzima una kaugonjwa hako. Mimi shule ilinisaidia kukaficha, ila nikikasirika kananirudia. Kwa hiyo yaliyonipata siwezi kumlaumu yeye peke yake.

Nilikuwa nimemwahidi kuandika kisa cha siku ya harusi yake: alivyovuka na pantoni kutoka Kigongo akiwa bibi harusi, kuku wa msafara akaruka majini, na bwana harusi naye akaruka kumwokoa, suti ya kuazima ikiwa mwilini. Hadithi hiyo nimeisikia tangu nikibebwa mgongoni. Bwana harusi, yaani baba mkubwa, ameshatutangulia. Pantoni nayo imepisha daraja. Siku ya kunipa kazi hiyo mama mkubwa aliniambia, "Niandikie nisikie na masikio yangu haya haya. Mkinisomea kaburini sitaitika."

Nikakubali kwa moyo wote, nikaanza kujiandaa. Kujiandaa nilikuweza sana. Kwanza niliona mtu haandiki bila meza, fundi wa Buhongwa akanitengenezea meza ya mninga. Meza ikadai kiti. Kiti kikadai pazia, maana jua la asubuhi lilinipiga usoni. Kila nilipokaa niliandika ukurasa wa kwanza, nikauona una kigugumizi, nikauchana, nikaenda kuchemsha chai. Ukurasa wa pili sikuwahi kuuona sura. Mume wangu, mtu mpole mwenye maneno, akaanza kupigia pasi kwenye ile meza, akasema angalau shati zake huwa zinamalizika.

Mwisho nikagundua kuwa tatizo ni kalamu. Peni za dukani zilikuwa zinanikwaruza mawazo. Mwenzangu wa ofisini, pale Nyamagana, alikuwa safarini Dar, nikamwagiza kalamu ya wino, ile nzito wanayosainia wakubwa. Wiki hiyo hiyo mama mkubwa akapiga simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kile kitabu changu kimefikia wapi?"

"Kipo, mama, chote kipo kichwani. Nasubiri kalamu tu. Ni Jumamosi hii."

Akauliza, "Karamu?"

"Ee, kalamu. Kubwa, ya maana. Hiyo ikiwepo, mengine yote yanakwenda."

"Jumamosi," akasema, na sauti ikampanda. "Mungu akubariki, mwanangu. Sikujua kama umefika mbali hivyo."

Nilishangaa mtu mzima kufurahia peni kiasi kile. Nikajiambia ndivyo walivyo wazee wetu, wanathamini elimu.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nafua uani. Gari la kukodi likasimama getini, wakaanza kushuka watu, na kushuka kwenyewe hakukuisha. Mbele mama mkubwa, ndani ya kitenge cha sikukuu. Nyuma yake wifi yake, dada wa marehemu, na mkongojo wake. Kisha binamu na wake zao, mikungu ya ndizi, kuku waliofungwa miguu, na ndoo ya sato.

"Tumekuja kwenye karamu ya kitabu," akasema mama mkubwa.

Karamu, kalamu. Ilinichukua muda, halafu ikaniingia yote kwa mpigo, nikacheka mpaka nikakalia beseni la nguo. Wao wakacheka kwa kuniona nacheka. Nikataka kumweleza ukweli, ndipo nikaona masikioni amevaa hereni zake za harusi. Alikuwa amezing'arisha. Kicheko kikanikauka. Nilijua nikisema kitabu hakipo, atajibu "si neno, mwanangu," kisha atavuka daraja kurudi kwake na hereni zile, na hataniuliza tena.

Nikaenda kushika sufuria, wakaninyang'anya. "Wewe kalete kitabu," wifi mtu akasema. "Tunataka kusikia kabla ya kura." Alimaanisha kula.

Nikaingia chumbani nikafunga mlango. Meza ya mninga ilikuwa na rundo la shati. Karatasi sikuiona hata moja, zote nilishazichana, nikabandua kalenda ya mwaka jana nyuma ya mlango, nikaigeuza upande mweupe. Peni nikaiokota dirishani, haina kifuniko. Nikakaa kitandani, kalenda gotini, nikaandika. Kigugumizi kilikuwepo pale pale, nikakipita, maana nje kuku wa kwanza alishaanza kunukia. Nikaweka pantoni, nikaweka suti, nikamrusha kuku majini na bwana harusi nyuma yake. Nilikuwa nacheka peke yangu. Sijawahi kuandika vibaya vile, wala kwa raha vile.

Mume wangu akagonga. "Watu wanauliza kama kitabu kimekwama mlangoni."

Nikatoka na kalenda yangu, nikasoma nimesimama. Nilipofika kwa kuku kuruka, wifi mtu akagonga mkongojo chini.

"Kuku gani? Wifi, sema kweli. Na mimi ndiye niliyembeba."

Mama mkubwa akajifunika uso na kitenge. Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani nimemliza.

"Alikuwa bata," akasema.

Akafunua uso, machozi yanamtoka, naye anacheka. "Mume wangu aliruka ziwani na suti ya watu kumwokoa bata. Bata akaogelea akarudi zake. Aliyeokolewa na mabaharia ni yeye. Akatuapisha tuseme kuku."

Hakuna aliyebaki kitini. Binamu mmoja alilala chini kwenye mchanga. Mume wangu alishika ukuta. Miaka yote ile tumemwona baba mkubwa shujaa wa kuku, kumbe. Nikakata kuku, nikaandika bata, kila mtu akaanza kunirekebisha: suti haikuwa nyeusi, ilikuwa ya kahawia, na ilipolowa ikapanda mpaka magotini. Niliandika pembeni, juu, kwenye kona, mpaka ule upande mweupe ukaisha. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mimi siku ile nilipona kabisa.

Wakati wa kuondoka mama mkubwa akaichukua ile kalenda, akaikunja, akaiweka kifuani ndani ya kitenge.

"Mama, niachie hiyo," nikamwambia. "Bado mbovu, niisafishe kwanza."

"Na mimi ni mbovu," akasema. "Tutakwenda pamoja."

Akapanda gari.

Kalamu ya Dar ilifika Jumatatu, nzito kweli kweli. Ilinikuta niko ukurasa wa pili, maana wa kwanza ulishavuka daraja.